Choo cha Vakyumu: Kinaokoa Maji Kweli au Kinakuongezea Kazi?

Toleo lililopita nilikuwa naongelea bili za maji, nikatupia kasentensi kamoja tu kwamba kwenye ndege na meli choo cha vakyumu, kile kinachovuta uchafu kwa hewa, kinaondoka na lita moja ya maji au hata chini ya hapo. Basi. Meseji zilizoingia baada ya pale ni nyingi kuliko za bili zenyewe. Nimechagua hizi hapa, na zingine nimezikata maana kuna watu wanaanza kwa salamu za ukoo mzima, swali lenyewe lipo mstari wa mwisho.

SWALI: Habari fundi. Nna kiwanja Paje, nataka kupandisha guest ya vyumba 12. Maji huku shida, msimu wa wageni tunanunua ya boza na bei wanapanga wao. Kuna jamaa kanifata anauza vyoo vya vakyumu, anasema ntaokoa maji asilimia 90 na hela itarudi chap. Kweli au napigwa? (Mwekezaji mdogo, Unguja Kusini)

JIBU: Hupigwi, ila umeambiwa nusu ya habari. Asilimia 90 ni kweli kwa choo peke yake na tena ukilinganisha na vyoo vya zamani, sio na guest nzima.

Tuanze na kinavyofanya kazi maana ndo kila kitu kipo hapo. Choo cha kawaida kinasukuma uchafu kwa uzito wa maji, ndo maana kinataka maji mengi, vya zamani lita 9 mpaka 13 kila ukiflashi, hivi vya sasa vyenye vitufe viwili lita 6 kwa kubwa na lita 3 kwa ndogo. Cha vakyumu hakisukumi, kinavuta. Pampu inanyonya hewa kwenye mabomba mpaka presha ya ndani inashuka karibu nusu ya hii tunayopumua, nyuma ya bakuli kuna vali imefungwa, ukibonyeza inafunguka sekunde chache tu, hewa ya chooni inakimbilia bombani na kubeba kila kitu, ni mambo ya dafu na mrija tu. Maji yake ni ya kusuuza bakuli, nusu lita mpaka lita moja na kidogo.

Sasa hesabu. Vyumba 12 vikijaa wawili wawili ni watu 24, kila mtu aflashi mara 5 kwa siku, mara 120. Kwa choo cha lita 9 hiyo ni lita 1,080. Kwa vitufe viwili (kubwa mara moja, ndogo mara nne) ni lita 18 kwa mtu, jumla 432. Kwa vakyumu ya lita moja ni 120. Umeona? Kutoka choo cha zamani kwenda vitufe viwili umeshaokoa lita 648, na kile choo unakipata dukani Darajani, fundi yeyote anakifunga. Kutoka hapo kwenda vakyumu unaokoa 312 zingine. Sio haba, lakini hizo 312 ndo zenye gharama.

Alafu nenda bafuni. Mgeni akitoka baharini na chumvi mwili mzima anasimama chini ya bomba la mvua dakika 10, na kama linatoa lita 10 kwa dakika ni lita 100 kichwa kimoja, watu 24 ni lita 2,400. Funga vichwa vya bomba vinavyotoa lita 6 kwa dakika, umeokoa lita 960 kwa siku bila pampu wala kumuita mtu kutoka Ulaya. Huyo muuzaji hakukwambia hilo kwa sababu hauzi mabomba ya mvua, simlaumu.

Hapo ndo wengi wanadhani nimeshamaliza, kwamba vakyumu haifai. Hapana. Kwa Paje kuna kitu kingine kabisa ambacho mi naona kina uzito kuliko bili ya boza, nacho ni wapi majitaka yanaenda. Pale chini ni mwamba wa matumbawe, una matundu na nyufa, maji yakiingia kwenye shimo lako hayachujwi yanapita tu, yanafika kwenye kisima cha jirani au yanatokea pwani wageni wanapoogelea. Kwa hiyo ukitaka kufanya kwa haki unajenga tangi lisilovuja hata tone na linanyonywa na gari. Sasa tangi lisilovuja linajaa. Choo cha lita 9 kitakuletea, pamoja na haja zenyewe, kama lita 33,000 kwa mwezi guest ikijaa. Vitufe viwili kama 14,000. Vakyumu haifiki 5,000. Kama gari linabeba lita 10,000 hesabu mwenyewe safari. Hapo ndipo choo hiki kinaweza kurudisha hela, kwenye gari la majitaka, sio kwenye boza la maji.

Faida nyingine ambayo watu hawaisemi: bomba. Choo cha kawaida kinataka bomba la inchi nne na mteremko, yani unachimba mwamba, na mwamba wa huko unaujua. La vakyumu ni la milimita 50 hivi, linaweza kupita juu ya dari, likapanda ukuta, likazunguka nguzo. Ndo maana mainjinia wa meli walilipenda. Hata nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene, mtu anayekarabati bila kutaka kubomoa angefaidika na hilo.

Ubaya sasa. Umeme ukikatika na jenereta halijawaka, vyumba vyote 12 vinakosa choo kwa mpigo. Mitambo yenye tangi la vakyumu inabakiza nguvu ya kuflashi mara kadhaa, baada ya hapo kimya. Choo cha kawaida umeme ukikatika unachukua ndoo, maisha yanaendelea. Pili, bakuli hili halina lile tangi la maji mgongoni, linataka maji yenye presha moja kwa moja kutoka bombani, na tangi la plastiki ulilopandisha juu ya paa mara nyingi halitoi presha ya kutosha, kwa hiyo ongeza pampu nyingine. Tatu, maji ya kisima cha huko yana chumvi na chokaa, yanajenga ukoko ndani ya mabomba (nitalirudia hili kwa baharia huko chini). Nne, mipira ya vali inachakaa, na mpira ukichakaa hewa inavuja, na hewa ikivuja kwenye choo kimoja vyote vinadhoofika.

Muulize huyo jamaa haya: mtambo ni ule wa pampu mbili na tangi, au ule mdogo ambao pampu inawaka pale tu mtu akibonyeza? Kwa vyumba 12 huo wa pili unaweza kutosha na unakula umeme kidogo. Mpira wa vali ukiharibika unapatikana wapi, Dar au mpaka uagizwe? Na nani atakuja, kutoka wapi, kwa muda gani? Akianza kusema "haviharibikagi hivi" muage vizuri.

Kwa maoni yangu: bafu kwanza, vitufe viwili pili. Ukitaka vakyumu iwe kwa sababu ya tangi la majitaka, na uwe na mtu anayelala hapo hapo ambaye amefundishwa kuufungua huo mtambo na kuufunga. Kama wewe unaishi Dar na guest unaiachia msimamizi, usithubutu.

SWALI: Fundi samahani kwa swali la kitoto, hivi kile choo cha ndege kinaweza kumvuta mtu aliyekaa?? (Mwoga wa ndege, Dodoma)

JIBU: Kwa matumizi ya kawaida, hapana. Kiti kimetengenezwa hewa ipite pembeni, na vali ni ndogo na inafunguka muda mfupi sana. Stori ya mama wa Kimarekani aliyenasa kwenye ndege ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, ilizunguka dunia nzima mwaka 2002, baadae shirika lenyewe likasema ule ulikuwa mfano wa mafunzo, haukutokea. Ila simama kwanza ndo ubonyeze, na funga kifuniko, masikio yako yatakushukuru.

SWALI: Na mimi naongezea hapo hapo kwenye ndege, uchafu unaenda wapi, unamwagwa angani? Mjomba wangu anaapa kwamba unamwagwa. Na kwa nini kelele ile? (Kijana wa Ujiji)

JIBU: Mwambie mjomba, kwa heshima zote, kwamba haumwagwi. Unaenda kwenye tangi, mara nyingi lipo nyuma ya ndege, na ikitua linakuja gari maalum kunyonya. Zamani ndege zilikuwa na vyoo vyenye maji ya buluu yaliyozungushwa tena na tena, mazito na yenye harufu. Bwana James Kemper wa Marekani akapata hataza (haki ya mvumbuzi) ya choo cha vakyumu cha ndege mwaka 1975, na Boeing wakaanza kukifunga mwaka 1982. Sababu kubwa ilikuwa uzito, maji ni mazito na kila kilo angani inachoma mafuta.

Raha yake ni kwamba juu kabisa ndege haihitaji hata pampu. Nje presha ni ndogo sana, ndani ya kebini imeongezwa ili mpumue, kwa hiyo ile tofauti yenyewe inavuta. Pampu inafanya kazi ndege ikiwa chini au haijapanda sana. Kelele ni hewa inayopita kwa kasi kubwa kwenye vali na kwenye kona ya bomba. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, walionyesha kwamba ukirefusha kipande cha bomba kati ya bakuli na vali na ukalikunja taratibu badala ya kona kali, kelele zinapungua sana.

SWALI: Assalaam alaykum kaka. Naandika kutoka Hamburg. Tumepata nyumba Jenfelder Au, tunahamia na watoto watatu, na mama mkwe anakuja kutoka Tanga kukaa nasi. Tumeambiwa vyoo vya huko ni vya vakyumu. Sisi tunatawaza kwa maji, je kuna tatizo? Na nisitupe nini? (Mama Rayyan)

JIBU: Waalaykum salaam dada, hongereni kwa nyumba. Kabla ya choo nikwambie kitu maana wengi wanaokaa hapo hawajui: eneo lile lilikuwa kambi ya jeshi iliyoitwa Lettow-Vorbeck, ndo yule yule jenerali wa Kijerumani aliyezungushana na Waingereza Tanganyika na Msumbiji vita ya kwanza ya dunia, akaja kuweka silaha chini Abercorn, Zambia ya leo, Novemba 1918. Hapo jirani pana sehemu inaitwa Tansania-Park yenye michongo ya askari weusi iliyotengenezwa enzi za Hitler. Mpeleke mama mkwe akapaone, nadhani atakuwa na la kusema.

Turudi chooni. Huo mtaa ni mojawapo ya mikubwa kabisa Ulaya kwa vyoo hivi, nyumba zaidi ya 800 zimepangwa kwenye mfumo mmoja. Na usidhani wameweka kwa sababu ya uhaba wa maji, Hamburg mvua inanyesha mpaka watu wanachoka. Walichotaka ni kutenganisha. Maji ya chooni yanasafiri peke yake kwa bomba la vakyumu mpaka kituoni, yanachanganywa na takataka zingine zinazooza kama mafuta ya mgahawani, yanachachushwa bila hewa yanatoa biogesi, biogesi inageuka umeme na joto la nyumba. Maji ya kuogea na jikoni yana bomba lake, yanasafishwa kirahisi kwa sababu hayana kinyesi. Sasa mtambo wa biogesi hautaki maji mengi, unataka kitu kizito, ndo maana choo cha lita moja kinaendana nao. Waholanzi walianza kidogo kidogo pale Sneek mwaka 2006 kwa nyumba 32, Waswidi nao wanao mtaa wa bandarini Helsingborg wenye mabomba matatu, la choo, la kuogea, na la mabaki ya chakula yaliyosagwa kwenye sinki, kituo chake kilifunguliwa mwaka 2021. Na wazo lenyewe la kuvuta kinyesi kwa hewa sio jipya, Mholanzi mmoja Charles Liernur alishatengeneza mfumo wa hivo mjini Amsterdam karne ya 19, kabla hata umeme haujafika majumbani. Hiki cha kisasa tunacho kwa sababu ya Msweden Joel Liljendahl miaka ya 1950, kampuni ya Electrolux ikanunua haki zake mwaka 1968.

Kutawaza: tawaza tu, hakuna anayekuzuia, lakini sikiliza hili vizuri na umwambie na mama mkwe. Choo cha kawaida ukimwagia maji yanayozidi yanateremka yenyewe, kina njia. Hiki vali yake ikiwa imefungwa maji hayana pa kwenda. Mtoto akiacha mpira wa kutawazia unatiririka bakuli litajaa na litamwagika sakafuni, nyumba ya kupanga, jirani wa chini Mjerumani, sitaki kuendelea. Kwa hiyo tumia kopo au chupa ya kutawazia badala ya mpira wa kufungulia, ukiona maji yamekuwa mengi bonyeza katikati, bonyeza tena mwisho. Ukitawaza kwa lita mbili na kuflashi lita moja umetumia tatu, bado upo chini ya jirani yako wa mtaa wa pili anayetumia sita na karatasi juu. Kweli unaongeza maji kidogo kwenye biogesi yao lakini watoto watatu na bibi hawawezi kuua mtambo wa watu elfu mbili.

Vya kutotupa: waipsi (hata zile zimeandikwa zinafaa kutupwa chooni), pedi, pampasi, pamba za masikio, nyuzi za meno, nywele za kwenye kitana, mafuta ya kukaangia samaki. Karatasi ya chooni ni ruksa, kwa kiasi. Midoli nayo ni marufuku, maana bomba ni jembamba na kile kitufe watoto wanakipenda mno, watataka kuona kinameza nini. Kusafisha tumia siki au sitriki (asidi ya malimao), brashi laini. Jiki usimwage kwa wingi, wale bakteria wa biogesi wanakufa. Usiku funga kifuniko kabla ya kubonyeza.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni msaidizi wa injini kwenye meli ya mizigo, nyumbani Tanga ila tunazunguka Ghuba na bahari ya Hindi. Vyoo vinaziba kila mara, chifu injinia anasema ni mabaharia wanatupa vitu, tumeapa hatutupi. Na pampu inawaka muda wote haipumziki. Tufanyeje? (Baharia)

JIBU: Marahaba mwanangu. Inawezekana kabisa wote mnasema kweli, wewe na chifu wako.

Kuna kuziba kwa kitu kilichotupwa na kuna kuziba kwa bomba lenyewe kunenepa kwa ndani. Mkojo ukikaa bombani unatoa amonia, ukishatoa amonia zile kalsiamu na magnesi zilizomo zinaganda zinashika ukuta wa bomba, ukoko mgumu, mwaka baada ya mwaka tundu linapungua mpaka milimita 50 inabaki 20. Choo cha maji mengi kinasuuza mkojo kabla haujakaa, hiki kinatumia maji kidogo kwa hiyo mkojo ni mkali, huo ndo upande wa pili wa kuokoa maji na hakuna muuzaji anaeuweka kwenye tangazo. Kama meli yenu inaflashi kwa maji ya bahari ndo balaa zaidi kwa sababu bahari yenyewe imejaa magnesi na kalsiamu.

Wala usione aibu, jeshi la maji la Marekani limeshindwana na hili hili. Manowari yao ya USS Gerald R. Ford inayobeba ndege, watu zaidi ya 4,000 ndani, ina vyoo vya vakyumu, na ripoti ya wakaguzi wa serikali yao mwaka 2020 ilisema mabomba yanaziba mara kwa mara kuliko ilivyotarajiwa, na dawa yake ni kuyaosha kwa asidi maalum, kila uoshaji dola 400,000. Manowari ya kabla yake, USS George H.W. Bush, nayo ilikuwa na mfumo wa hivo na matatizo ya hivo. Walipiga hesabu za kuokoa maji na nafasi, hawakupiga sawasawa za watu elfu nne kwenda choo.

Nyinyi hamhitaji dola laki nne. Kawaida wanaotunza vizuri wanatia asidi hafifu kama sitriki au dawa ya meli ya kazi hiyo kidogo kidogo kwa ratiba, jioni shughuli zikipungua, ikae usiku. Ukoko ukiwa bado mpya unayeyuka, ukishakuwa jiwe ni kufungua bomba kipande kwa kipande. Tafadhali sana: asidi na jiki visikutane hata siku moja, gesi inayotoka ni klorini, kwenye choo cha meli kisicho na dirisha inaua. Na tangi la majitaka usilifungue na kuchungulia peke yako, lina gesi ya mayai yaliyooza ambayo ikizidi pua inaacha kuinusa, wameshakufa mabaharia wengi kwa kumfata mwenzao aliyeanguka.

Hiyo pampu isiyopumzika ni hewa inavuja, karibu kila mara. Subiri usiku watu wamelala, pita choo hadi choo, weka sikio karibu na bakuli, kinacholia "sssss" ndo mwenyewe, mpira wa vali umechoka au una uchafu umekaa katikati. Kama huwezi kusikia kwa sababu ya injini, funga vali za matawi moja moja uangalie geji, tawi ukilifunga na presha ikatulia basi ugonjwa upo huko. Fanya hivo kabla ya kubishana na chifu, ukienda na jibu mkononi atakusikiliza.

SWALI: Niaje. Mimi ni keateka wa ploti hapa Nairobi, nyumba 60, choo nne za kushare, maji inakuja mara mbili kwa wiki. Kwa nini kaunti isituwekee hizi za vakyumu mitaa yote ya mabanda tumalizane na hii shida? (Keateka)

JIBU: Poa sana. Swali lako limeshajaribiwa Afrika, mara mbili ninazozijua, na majibu yalikuwa tofauti.

Cape Town kuna mtaa wa mabanda unaitwa Kosovo, kule Philippi. Mwishoni mwa miaka ya 2000 waliweka mabomba ya vakyumu, sio vyoo vyenyewe, vyoo vilibaki vya kawaida vya kushare, ila kutoka chooni majitaka yanaingia kwenye kichemba chenye vali na bomba la chini ndo la vakyumu. Sababu ilikuwa ardhi tambarare na maji ya chini yako juu, bomba la mteremko lingechimbwa kina kirefu mno. Kiufundi ilikuwa sahihi. Ilikufa kwa mambo mengine: matambara, mawe, takataka zikaingia vali zikakwama, vali moja ikikwama wazi mtaa mzima unakosa mvuto, na idara zikawa hazijakubaliana vizuri nani anatunza nini. Watu wakaishia na vichemba vinavyofurika.

Sasa Namibia, mji wa Outapi kule kaskazini, mfumo wa aina hiyo hiyo uliwekwa kwa nyumba za kawaida na mabafu ya pamoja, lakini mabafu yalikuwa na wahudumu wanaolipwa, na majitaka yakisafishwa yanamwagilia mashamba, kwa hiyo kuna mtu anayasubiri upande wa pili. Mabomba yale yale, wasimamizi tofauti. Dubai nao, visiwa vya Palm Jumeirah, majumba ya kifahari yameungwa kwa vakyumu chini ya ardhi na wenye nyumba hata hawajui, kuna timu inalipwa kukaa macho.

Kwa hiyo ploti yako: choo nne kwa nyumba 60, stima ikipotea hizo nne zote zimekwenda, na wewe ndo utagongewa mlango. Mtu mmoja akitupa kitambaa, hivyo hivyo. Singekushauri. Mwambie landilodi aongeze tangi la maji, abadilishe vyoo kuwa vya kumwagia kwa kopo, na maji ya kufua yasimwagwe, yawekwe kwenye pipa mlangoni mwa choo. Na choo nne kwa nyumba 60 bana, hapo hata kabla ya maji mna shida nyingine, muambie hilo pia.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mzee wa Morogoro, nina choo cha kuchuchumaa na kopo langu miaka yote. Mjukuu kaja kutoka chuo anasema ni ushamba, tuweke cha kukaa cha kisasa cha kuokoa maji, cha vakyumu kama kikipatikana. Unanishauri nini? (Babu)

JIBU: Shikamoo babu. Mjukuu ana nia njema, ila mwambie achukue kopo lako alipime. Choo cha kuchuchumaa cha kumwagia kwa mkono kinataka lita 2 mpaka 3, kimeshakishinda kile cha vitufe viwili kwa haja kubwa, na hakina umeme, hakina vali, hakina pampu. Kwa nyumba moja mtambo wa vakyumu mzima unaubeba wewe peke yako, kule Hamburg wanaugawana nyumba mia kadhaa. Hicho ndo kinachoamua, sio uzuri wa bakuli.

Kama magoti yanasumbua hilo ni jambo jingine na usione aibu, weka cha kukaa, tafuta chenye vitufe viwili, na acha ndoo na kopo hapo hapo kwa siku ambayo maji hayatoki. Ukishakifunga mwambie mjukuu atie rangi kidogo ya keki kwenye lile tangi la mgongoni usiku mkienda kulala, asiflashi mtu. Asubuhi maji ya bakuli yakiwa na rangi basi mpira wa ndani unavuja, choo kinachovuja kimya kimya kinaweza kumwaga kwa siku maji mengi kuliko mnayoflashi nyumba nzima, na huo mpira ni wa bei ndogo, anaubadilisha mwenyewe kabla hajarudi chuo.